Bonjuu Mlangoni

Wamekuja kwa siku kumi, mke na mume, kutoka Ohayo.
Wamekodi nyumba ya Madamu Odile hapa Shela,
na mwezi ujao wanahamia Lioni, Ufaransa, kwa kazi ya mume.
Asubuhi ya pili wakaniita juu darini, daftari mkononi:
"Mwanakheri, umempikia Mfaransa miaka kumi na tisa.
Hebu tuambie, Wafaransa wakoje?"

Mimi!
Mimi ambaye safari yangu ndefu ni Mombasa,
mara mbili, zote kwa ajili ya jino.

Lakini mgeni hajibiwi kwa mabega.
Nikafuta mikono kwenye leso, nikaanza na ninachokijua:
siagi. Huja ndani ya sanduku la nguo,
imeviringwa gazeti, katikati ya viatu,
na Odile huinusa kabla hata hajanisalimu.
La, hapo nimemsingizia.
Hunisalimu kwanza. Hilo halijawahi kumpita.

Jibini lake linanuka kama kwato za punda wa Kombo
mvua ikishanyesha. Nalifunika kawa, nafungua dirisha.
Majani ya kachumbari huyala mwisho, chakula kikishaisha.
Miaka minne nikiyaweka mezani pamoja na wali,
naye akiyaondoa kimya, akiyarudisha baadaye,
kama mtu anayerekebisha saa ya ukutani.
Mkate hauwekwi sahanini. Unalazwa juu ya kitambaa,
na makombo yanabaki palepale, hayamwaibishi mtu.

Mume akaandika. *Makombo*, akaandika.

Mke akauliza: "Na mbona hawacheki?
Tulipita Parisi mara moja. Nikaingia duka la mikate,
nikatabasamu meno yote, nikasema nataka ile, miwili.
Mama yule akanitazama kana kwamba nimemkanyagia mswala."

Ulisema nini kwanza?
"Hivyo. Ile, miwili."
Kabla ya hapo?
"Nilitabasamu."

Ee Mola. Nikaweka kisu chini.
Mwanangu, tabasamu si hodi.
Meno hata punda anayo.
Hapa kwetu mtoto wa miaka mitano
akitumwa chumvi kwa jirani, husimama dakani,
hutoa salamu, hungoja, huulizwa mamake hajambo,
hujibu, ndipo chumvi itajwe. Chumvi ni ya mwisho.
"Kama kachumbari," mume akasema, wakacheka sana,
nami nikacheka, ingawa sikukusudia mzaha.

Odile alipofika mara ya kwanza
hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji.
Lakini alisimama kwenye daka la mama yangu,
jua la saa saba likimchoma shingo,
akasema bonjuu, akangoja.
Mama, asiyejua hiyo ni lugha ya wapi,
akajibu waalaikumu salaam, akampisha pa kukaa.
Wakakaa hivyo hadi alasiri, bila neno la pili.
Pengine ndiyo Ufaransa yote niijuayo.

"Na ni kweli Agosti wanafunga maduka?"
Sijui. Agosti Odile huwa hapa, amelala.
Huenda ni kweli.

Siku ya tisa nilikuwa jikoni nakuna nazi.
Kawaida yao ni kuingia moja kwa moja,
miguu na mchanga wake, mkono kwenye mlango wa friji.
Safari hii kivuli kikasimama kizingitini.
Kikangoja.
Nikamwona yule mama analitafuta neno
kama mtu anayepapasa swichi gizani.

"Bonjuu," akasema.
Mmarekani, kwa mtu wa Shela, mbele ya kifuu cha nazi.

Karibu, nikamwambia. Umelalaje?
Na bwana je? Na mbu, wamepunguza?
Akajibu yote, moja baada ya jingine.

Kisha akaomba barafu.